Nilivyosimamishwa mbele ya wageni kama mtu aliyepotea

Wakuu, heshima kwenu. Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Nina miaka sabini na ushee, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa, lawama ni za macho.

Enzi za utawala wa kijeshi nilikuwa fundi baiskeli Jinja, jirani na kambi ya jeshi ya Kimaka. Wanajeshi walikuwa wateja wangu na jina langu walilijua: Ramadhani Yusufu.

Sasa, kule Mbale, mtaa wa Nkoma, palikuwa na karani mwenye majina hayo hayo mawili. Alichukuliwa nyumbani kwake asubuhi na gari la askari, hakurudi. Watu wa haki za binadamu kutoka ng'ambo wakaliandika jina lake kwenye ripoti yao, pamoja na wengine wengi.

Serikali ikaja juu. Redioni ikawa ni mabeberu hawa, ni wivu, ni uongo wa wakoloni. Halafu wakawaambia wale wageni: njooni mjionee wenyewe.

Afande mmoja akanifuata kibandani na koti jeusi.

"Wewe utasema jina yako tu. Wakiuliza kazi, sema karani. Mikono weka ndani ya mfuko."

Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Niliogopa, nakiri. Nikalivaa koti, nikapelekwa mbele ya wale wageni, nikataja jina langu.

Mgeni mmoja akaninyooshea mkono, ikabidi nitoe wangu, grisi imejaa kwenye kucha. Akautazama, akamtazama afande, kisha akalikata jina kwenye orodha yake kwa kalamu. Hadi leo siamini kwamba hakuelewa. Alitaka kurudi kwao salama, kama mimi tu.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba Ramadhani Yusufu yu hai, anakula raha Jinja, na walimwengu waombe radhi.

Siku ya tatu akaja kibandani kwangu mwanamke na jozi ya viatu vya kiume kwenye mfuko.

"Natafuta bwana yangu, Ramadhani Yusufu. Alitoka nyumbani na ndara," akasema. "Mimi nilikuwa ndani ya eda. Redio ikasema iko huku, nikatoka."

Kwa msiojua, eda ni muda ambao mjane wa Kiislamu anakaa ndani baada ya kufiwa na mume. Yule mama aliukatiza kwa sababu yangu.

Ningeweza kumwambia mumewe amehamishwa. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nikajikaza.

"Dada, aliyesimama pale ni mimi. Mumeo sijawahi kumwona."

Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Utasema hivyo mbele ya ndugu yake?"

Nikafunga kibanda, tukapanda basi hadi Mbale. Nikasema yote mbele ya shemeji zake. Mmoja alitaka kunipiga, na alikuwa na haki.

Vita vikaja, utawala ule ukaanguka. Baadaye ikaundwa tume ya kuchunguza waliopotea. Sisi wenye asili ya Sudan tulikuwa tunanyooshewa vidole wakati huo, eti sote tulikuwa watu wa utawala ule, na jamaa zangu wakanisihi ninyamaze. Nikaenda.

Ofisa wa pale akafungua kitabu. "Bwana, hii imefungwa. Huyu mtu ilipatikana mzima."

"Aliyepatikana ni mimi," nikamwambia. "Andika upya."

Akanifukuza. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa, nikakaa kwenye benchi lake mpaka alipochukua kalamu.

Nilichojifunza wakuu: serikali ikibanwa na walimwengu, haijibu swali. Inaligeuza kuwa tusi kwa taifa zima, halafu inaleta kitu cha kupigwa picha. Msikimbilie kupiga makofi. Nendeni kwa familia ya aliyetajwa, achaneni na huyo aliyeletwa mbele yenu.

Kama kwenu kuna mtu aliyefutwa kwenye orodha kwa staili hii, mwandike hapa chini. Majina yote, kazi yake, na mtaa alikotoka.

Naanza mimi: Ramadhani Yusufu, karani, Nkoma. Hakupatikana.