Masanduku ya Mifupa ya Nguva

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipelekwa Birmingham kusomea elimu ya wanyama, na profesa wangu akanikabidhi masanduku ya mifupa ya nguva. "Huyu ni mnyama wa kwenu," alisema. Hakuwa wa kwetu. Alikuwa nguva wa mito ya Afrika Magharibi. Wa kwetu Lamu huishi baharini. Sikumsahihisha. Nikakaa miaka mitatu katika chumba cha chini kisicho na dirisha, nikisugua mifupa, nikiipima na kuichora.

Mifupa ya nguva ni mizito kama mawe. Humsaidia kutulia chini akila majani. Shingoni huyu wa mitoni ana pingili sita, ilhali sisi, na hata twiga, tuna saba. Magego yake husogea mbele polepole, yaliyosagika yakidondoka, mapya yakichipuka nyuma. Hayo yote niliyajua, lakini nguva mwenyewe nilikuwa nimemwona mara moja tu, nikiwa na miaka minane. Alinaswa kwenye jarife la mjomba, wavu wa kuvulia papa, akashindwa kupanda juu kuvuta pumzi, akafa.

Nilitaka kwenda kuwahesabu walio hai kabla hawajaisha. Kila nilipoomba, profesa alijibu kwa upole, "Maliza sanduku hili kwanza." Nikilimaliza, linaletwa jingine. Ikafika mahali kila asubuhi napanda basi kutoka Saltley, mtaa nilikopanga, kama mtu anayepelekwa korokoroni.

Aliyesafisha chumba hicho alikuwa mama wa Kihindi kutoka Kisumu, aliyehama na familia yake baada ya kunyimwa leseni ya duka. Tulizoea kuzungumza Kiswahili. Siku moja alinikuta nimekaa tu, mikono ndani ya maji yaliyopoa.

"Nani anakuzuia hapa?" aliuliza.

"Profesa. Haniruhusu niende."

"Amefunga mlango?"

"Hapana, mama."

Akakamua kitambaa chake. "Mimi nikitaka kurudi, hawanitaki. Wewe unatakiwa kwenu, binti. Usiniambie mimi habari za kufungwa."

Nilikasirika. Siku mbili sikumsalimu. Siku ya tatu nikaandika barua: nitawasilisha nilichonacho, nipewe shahada ya uzamili badala ya uzamivu, niondoke. Profesa aliisoma amesimama. "Unatupa miaka mitatu," akasema, akatia sahihi. Yule mama hakuwa na zamu siku niliyoondoka, nami sikumngoja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nyumbani nilizunguka kwa wavuvi nikiwaomba wakague majarife yao mara kwa mara, wakimkuta nguva angali hai wamkatie nyuzi. Wengi walicheka, wakisema nyama yake ni tamu. Mmoja alikubali. Baada ya miezi akaniita kwake, jarife limetandazwa uani, katikati pana tundu la kupita ng'ombe.

"Nguva wako huyo," alisema kwa hasira. "Nimemwachia. Sasa nani atashona?"

Nikaketi chini, akanipa sindano ya nyavu, tukashona mpaka adhuhuri.