Tope Lenye Konokono

Mwaka 1954, nikiwa na miaka ishirini na miwili, mume wangu alifariki, shida zikaanza. Mtoto hatukuwa naye. Aliniachia mitamba wanne. Kwetu Wakurya, mjane asiye na mtoto hutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto wa huyo binti wakawa wa nyumba yake. Basi mitamba wale wakifa, nyumba yangu imefungwa.

Mwaka uleule jua likawaka. Tukashusha mifugo kutoka Busawe mpaka Mto Mara unapotawanyika kwenye matete kabla ya kuingia ziwani. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alipoona majani mabichi alicheka peke yake.

"Hapa watanenepa mpaka ngozi ipasuke!"

Mimi nilimkuta mama wa Kijaluo, mtu mzima, akitega kambale kwa kikapu. Nikamwamkia shikamoo. Akatazama mitamba.

"Ni wako hao?"

"Wangu."

"Basi kabla hawajanywa, ingia wewe kwanza."

Nikaingia. Akanionyesha kuchota cha chini kwa kiganja. Penye matete, maji yamelala, tope jeusi linanuka yai viza, na konokono wadogo wamejaa. "Ng'ombe akinywa hapa, mvua zikija anavimba chini ya taya." Akanipeleka mbali, maji yanapotembea. Chini mchanga, na ndani yake kombe wenye maganda mawili, wamejizika. Konokono hakuna hata mmoja. "Hapa."

Kila siku nikawaswaga mitamba wangu mpaka kwenye mchanga. Majani kule yalikuwa haba, wakakonda mbavu zikahesabika. Shemeji akanipigia kelele mbele ya watu:

"Mkurya gani anachimba tope kama bata? Utaoa kwa mifupa?"

"Nitaoa. Wewe kanywe na konokono wako."

Sikuwa na uhakika, nasema kweli. Lakini sikurudi nyuma.

Mvua zikaja. Ng'ombe wa shemeji wakaanza kuvimba chini ya taya, mmoja baada ya mwingine. Akasema ni jicho baya, akanitazama mimi. Nikamwambia, "Chinja huyo anayekufa, tuone." Akachinja. Ini lilikuwa gumu, na nilipolipasua wakatoka minyoo bapa kama vijani vidogo. Nikasema, "Si jicho, ni maji ya konokono." Shemeji akasema taratibu, "Shemeji, nionyeshe huo mchanga."

Nilimwonyesha. Ana ubishi, lakini ni ndugu.

Mitamba wangu walizaa wote. Ng'ombe walipotosha, nikaoa binti kutoka Nyarero. Shule nilikaa majuma sita tu. Nilichosoma ni tope.

Leo nina nyumba ya matofali, vyumba vitano, bati. Ng'ombe ishirini na sita. Mbuzi sijahesabu. Shamba la mihogo na la mtama. Mke mmoja, watoto wanne wenye jina la marehemu, wajukuu kumi na mmoja. Na wote, hata wale wa mjini Mugumu wenye viatu, wanajua kuingia majini kabla ya ng'ombe.