Baiskeli Isiyobeba Abiria

Siku yangu ya kwanza kazini kama katekista, pale parokia ya Bungoma, nilikabidhiwa baiskeli kabla ya kukabidhiwa katekisimu. Baba Paroko alikuwa mtu mrefu wa maneno mafupi. Alinionyesha sanduku la mbao lililofungwa kwa boliti mahali pa keria, ndani limetandikwa kitambaa cheupe, la kubebea divai, mishumaa na mavazi ya ibada. Akasema, "Mwalimu, hii ni altare yenye magurudumu. Haibebi ndizi, haibebi bibi."

Nikaitikia kwa adabu. Nilikuwa nimeoa juzi juzi tu, na bibi yangu Nasimiyu alikuwa amesimama nje ya ofisi akitarajia nimbebe hadi nyumbani. Tulirudi kwa miguu, mimi nikisukuma altare ya watu.

Vijana mnaosoma haya mnadhani katekista ni padri aliyekosa shule. Sivyo. Katekista hufundisha wanaojiandaa kubatizwa, huzika wafu padri anapokuwa mbali, na huongoza ibada katika vigango, yale makanisa madogo ambayo padri huyafikia mara moja moja. Bungoma kazi hiyo haikunitoa jasho, kwa sababu barabara zake ni tambarare. Kisha nikahamishiwa upande wa Kitale, baiskeli na sanduku lake nikaenda navyo. Sista Mkuu aliyesimamia sakristia, chumba cha vyombo vya ibada, huko aliikagua miguu yangu kama mtu anayenunua ng'ombe wa kulima, akauliza kama inapanda. Nikamwambia inapanda. Sikujua anauliza nini.

Alikuwa anauliza habari za mlima. Tulipewa nyumba Saboti, na kutoka hapo barabara hupanda Elgon hadi kituo cha hija cha Bikira Maria, kanisa la mabati juu kabisa karibu na msitu. Kila wiki nilipeleka Ekaristi huko, ndani ya piksi, kile kikopo kidogo chenye mfuniko, nimeivaa shingoni chini ya shati. Na anayebeba Ekaristi hasimami kupiga stori.

Sasa wewe niambie, utampitaje mtu kwetu bila kumsalimia? Watauliza kama ulizaliwa msituni. Na "mulembe", salamu yetu, si neno moja. Ukishaitikia unaulizwa watoto, ng'ombe, mvua, na yule shangazi aliyekuwa anaumwa. Safari yangu ya kwanza niliwajibu wote vizuri, nikafika juu waumini wamekwisha kwenda zao. Sista Mkuu hakunigombeza. Alinifundisha kupiga kengele ya baiskeli njia nzima, ishara kwamba Ekaristi inapita. Watu wa mlimani wakaizoea. Kengele ikilia, mama anaweka jembe chini, anapiga magoti pembeni, nami napita bila kununiwa na mtu.

Tatizo ni kwamba kengele haina akili. Siku moja narudi, piksi tupu, mbuzi amelala katikati ya barabara, nikampigia kengele. Kundi la akina mama waliokuwa wanatoka sokoni wakapiga magoti kwenye matope, vikapu na vyote. Mbuzi hakutikisika. Ilibidi nishuke nieleze. Bana, kuna mmoja aliniita Mwalimu wa Mbuzi mpaka nikastaafu.

Kupanda kwenyewe kulikuwa na ufundi wake. Hukabili mlima moja kwa moja. Unakata barabara kutoka ukingo hadi ukingo, umesimama juu ya pedali, na pumzi unaitoa polepole. Hata hivyo kuna mahali tulipaita Kona ya Toba, ambapo kila mtu alishuka akasukuma, hata wale wenye majivuno.

Siku ya hija wanaume walipanda na wake zao nyuma kwenye keria. Nasimiyu alikwenda kwa miguu, mwaka baada ya mwaka, na kengele yangu ilimpita njiani kama ilivyowapita wengine. Alipiga magoti, akainamisha kichwa. Jioni nyumbani alinitania kwamba wenzake wameolewa na waume, yeye ameolewa na sanduku. Baadaye magoti yakaanza kumsumbua, akaacha kwenda. Ndipo akaniambia bila kutabasamu, "Siku utastaafu, utanibeba mpaka kule juu." Nikaahidi.

Paroko wangu wa mwisho alikuwa kijana mwenye pikapu. Nilipostaafu aliuliza parokia inipe zawadi gani. Nadhani alitegemea niseme ng'ombe. Niliomba baiskeli ile ile. Boliti za lile sanduku zilikuwa zimeshika kutu, nikazilowesha mafuta taa mpaka zikalegea, na fundi wa Saboti akafunga keria na mto wa sponji.

Wakati huo daktari wa Kitale alikuwa ametuambia moyo wa Nasimiyu umechoka. Watoto walitaka apande pikipiki. Akawajibu kwamba hakungoja miaka yote hiyo ili abebwe na mtoto wa watu.

Basi tukatoka asubuhi. Sikuwa na piksi, kwa hiyo kengele ilinyamaza na watu wakatusimamisha kila mahali. Nasimiyu aliitikia kila salamu mwenyewe, amekaa upande kama bibi harusi. Aliwaambia, "Leo nimebebwa." Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Kwenye Kona ya Toba miguu yangu ilikataa. Nilisukuma hatua chache, yeye akiwa juu, nikasimama, nikasukuma tena. Macho yakaingia giza.

"Baba Wafula, simama," akaniambia Nasimiyu. "Hapa panatosha. Naliona paa."

Nikamwambia nikipumzika kidogo tu tutafika. Akauliza nikifa pale atanibeba na nini. Tukakaa kwenye nyasi, akasali rozari akiwa ameelekea kanisa, halafu tukala mahindi ya kuchemsha. Mimi nililia. Yeye hakulia.

Alifariki kabla ya hija iliyofuata. Siku hizi lami imefika mbali, na gari la parokia hunipeleka hadi mlangoni pa kanisa, na ndani wananipa kiti cha mbele. Nashukuru. Lakini nikikaa pale sitazami altare sana. Natamani ule mteremko tulioshuka siku ile, yeye amenishika kiuno mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe. Nilishika breki kona zote. Tulipofika kwenye tambarare ya Saboti bado nilikuwa nimezishika.

Akanigonga mgongoni. "Mwendo gani huu, Baba Wafula?"

Nikamwambia barabara ina mashimo. Haikuwa na shimo hata moja.