Mimi, Mwomba Uwanja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa baiskeli, daftari na kamba ya katani yenye mafundo, nikaambiwa niende Chiungutwa. Meza sikuonyeshwa, wala kiti. Mkurugenzi wa kwanza wa kituo chetu cha sanaa pale Masasi alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Iringa, mtu wa kuvaa tai hata jua likiwa la utosi. Alinitazama kuanzia kilemba hadi kandambili, akasema, "Wewe ni mwenyeji wa huku. Wasanii wangu watafika kule keshokutwa. Nataka wakute uwanja, watu na ruhusa."

"Ruhusa ya nani, mzee?"

"Ya kila mtu," akajibu, akarudi kwenye barua zake.

Ndivyo nilivyokuwa mwomba uwanja, kazi niliyoifanya mpaka magoti yakagoma. Ninyi vijana mmezoea tangazo kuingia kwenye simu, kwa hiyo nitaeleza. Kituo chetu hakikuwa na ukumbi. Kilikuwa na stoo ya ngoma na chumba kimoja cha mazoezi, basi. Kazi yake ilikuwa kuifuata hadhira ilipo, mitaani na vijijini: sindimba, maigizo, sarakasi na mapiko, yote nje, bure, mtu atoke mlangoni kwake akute shughuli imekuja. Lakini shughuli haiji yenyewe. Lazima atangulie mtu siku mbili kabla, aongee na mwenyekiti, sheikh, mchungaji na mama wa genge ambaye pengine ana nguvu kuliko wote watatu.

Swali la kwanza kuuliza kijijini ni msiba. Huulizi, "Tuje lini?" Unauliza, "Hamjambo humu? Hakuna aliyelala?" Kama kuna tanga, unatoa pole, unakaa chini na wafiwa, unaondoka bila kutaja ngoma. Msimu wa korosho nao tuliuheshimu. Mtu anayeokota korosho zake hana haja na sarakasi. Baada ya hapo ndipo nilitembea kutafuta kiwanja. Uwanja wa saa nne asubuhi si uwanja wa saa kumi jioni. Nilisimama mahali hapo hapo mpaka jioni kuona kivuli kinaangukia wapi, kwa sababu watu hukaa kwenye kivuli hata kama wasanii wako upande wa pili. Kisha nilikata duara: unachomeka kigingi katikati, unaivuta kamba hadi fundo la nane kwa maigizo, la kumi na mbili kwa ngoma, unazunguka ukimwaga majivu. Wasanii wakifika wanakuta duara la majivu, wanajua Mama Saidi amepita.

Mkurugenzi wa kwanza alinipa pia agizo la kumwagia uwanja maji ili vumbi lisisumbue. Nilimwambia, "Mzee, Newala tunakwenda? Kule juu ndoo ya maji inatoka bondeni kichwani kwa mtu. Nikiomba maji ya kumwaga chini watanifukuza, na mimi nitawaunga mkono." Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akapanda Newala mwenyewe, akanawa uso kwa kikombe kimoja alichopimiwa na mwenyeji wake, na agizo lile sikulisikia tena. Ukimtoa kwenye ukaidi alikuwa mtu mwema.

Jambo moja sikuruhusiwa kulichagua, nalo ni maficho ya lipiko. Kwa asiyejua, lipiko ni mcheza ngoma wetu Wamakonde anayevaa kinyago kichwani na nguo mwili mzima, hata kidole kisionekane. Tunasema huyo si mtu. Ni mzimu, ametoka makaburini kuja kututania. Anakovalia ni siri ya wanaume waliopita jandoni. Kwa hiyo nilimwomba balozi achague kichaka, nami nikamgeuzia mgongo mpaka amalize. Wanawake tunajua aliyemo ni kijana wa fulani, maana hatukuzaliwa jana. Lakini kujua ni jambo moja, na kutamka ni jambo jingine. Mwanamke akilitaja jina la aliyemo, amemuua mzimu na amemwaibisha kijana. Haya nilikuwa nikiwafundisha wageni wote wa kituo, wa Mwanza kwa wa Moshi, kwa ukali kabisa.

Sasa niseme ukweli wa kazi hii. Ni kazi ya upweke. Kikundi kikiingia Chiwata, mimi nimeshaondoka kwenda kijiji cha mbele. Nikiwa njiani nilisikia ngoma zikianza nyuma yangu, nami nakanyaga baiskeli kuziacha. Kesho yake watu walisimuliana walivyocheka, mimi nikabaki kutabasamu tu. Hata kula nilikula peke yangu. Mgeni wa mwenyekiti huletewa sinia chumbani, mlango unarudishwa ili ale kwa nafasi, na nyuma ya ukuta unasikia familia nzima wakigombea mboga. Walikuwa wakiniheshimu. Mara nyingi nilitamani wanidharau kidogo, niitwe jikoni.

Mume wangu alifariki Saidi akiwa hajaanza kutembea. Kazi hii haibebi mtoto, nikampeleka Newala kwa kaka yangu. Kwetu hilo si ajabu, mtoto ni wa mjomba. Kaka alikuwa fundi wa mapiko: alichonga vinyago, alifundisha vijana, na baadaye kituo kilimwajiri pamoja na kikundi chake. Nilimwona mwanangu kwa siku za kuhesabika, nikipita. Kila nilipopita alikuwa ameongezeka urefu na kupungua maneno. Alipokuwa kijana nikasikia kikundi cha kaka kina lipiko mmoja machachari sana, mabega yake yanacheka yenyewe. Nilijua ni nani. Sikutakiwa kujua, na nilikaa kimya, lakini usiniulize nilivyotamani kumwona.

Nafasi ilikuja siku moja Newala mjini. Kijiji cha mbele kilipata msiba, safari yangu ikaahirishwa, na kwa mara ya kwanza nikabaki pale nilipokata duara kwa mkono wangu. Wakati huo tulikuwa na Mkurugenzi wa pili, mwanamke wa Mwanza, mchangamfu. Akaniambia, "Mama Saidi, leo kaa uangalie matunda yako." Nikakaa na wanawake wenzangu nyuma ya mstari wa majivu, nikiwa nimevaa kanga mpya.

Lipiko alitoka na kinyago cha karani wa zamani, sharubu nyembamba na miwani ya kuchonga. Alikuwa akikagua watu, akiwaandika majina hewani, akiwakataa. Mabega yale yalinicheza rohoni. Yalikuwa mabega ya baba yake. Nilicheka kama wenzangu walivyocheka, na machozi yalikuwa yananitoka, nikayafuta na pindo la kanga nikijifanya ni vumbi. Kisha akarudi nyuma kwa madaha, mguu ukanasa kwenye kigingi nilichokichomeka mimi mwenyewe, akaanguka chali. Kichwa kiligonga chini, kinyago kikatoa mlio wa mti unaopasuka. Akawa hatikisiki.

Nikasimama. Nikapiga kelele, "Saidi! Saidi mwanangu, umeumia?"

Ngoma zikakatika. Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga, na bibi mmoja aliyekaa karibu nami akanifinya paja akisema, "Nyamaza wewe, nyamaza!" Nilikuwa nimeshachelewa. Lipiko aliinuka taratibu, hakuwa ameumia hata kidogo, alianguka kwa makusudi nusu na kwa bahati nusu, na sasa mikono ilikuwa inamning'inia kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Wanaume wakamzunguka wakamtoa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kaka alikuja jioni ile. Hakukaa. Alisema, "Dada, umemvua mwanao nguo hadharani." Nikasema niliogopa amekufa. Akasema, "Mzimu hufa mara ngapi?" Wazee walifanya taratibu zao za kusafisha jambo, na mimi niliomba radhi kwa magoti. Lakini wavulana wa Newala walikuwa tayari wanaita "Saidi mwanangu!" kila alipopita sokoni. Hakuvaa kinyago tena pale. Haukuisha mwezi akashuka Lindi kutafuta kazi ya ujenzi, bila kupitia kwangu.

Niliandika barua ya kuacha kazi. Mkurugenzi wa pili aliisoma, akaikunja, akanirudishia. "Mama Saidi, ukiacha, utakaa nyumbani na nani?" Nikachukua kamba yangu nikaenda zangu Chiwata. Yule mama alijua kuuliza swali la kuumiza kwa sauti laini. Tangu siku hiyo hata nilipopata nafasi ya kukaa nitazame shughuli, sikukaa.

Saidi alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Mzima?" "Mzima. Haya mama." Miaka mingi ikawa hivyo hivyo. Alioa huko, nikapelekewa habari. Alipata mtoto, nikapelekewa picha. Kuja, hakuja, hata Idi. Nilikuwa nikiitwa Mama Saidi mara mia kwa siku na watu wasiomjua Saidi, na kila nilipoitikia niliona kama najisingizia.

Nimestaafu mwaka huu. Wanaokuja kwenye kazi hii wana bodaboda na simu, wanapima uwanja kwa picha, na sisemi kwamba ni vibaya. Nawaambia tu wakae mahali mpaka saa kumi. Na nawaambia wajifunze kunyamaza, maana mimi nilijifunza adabu za vijiji vyote, nikashindwa yangu kwa neno moja. Wengine huniambia mama yeyote angepiga kelele. Huenda. Lakini si kila mama alikuwa na kazi ya kuwafundisha wengine wasipige. Mdomo huponza kichwa, na wangu ulimponza mwanangu. Jioni ninakaa kwenye nyumba ya kupanga mtaa wa Mkuti, napika wali kidogo sana, na bado sufuria hubaki na wa kesho.

Kituo kiliniaga kwa shughuli ya nje, hapo hapo mtaani kwetu. Nikawekwa kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, chini ya turubai, mgeni rasmi. Mkurugenzi wa sasa, kijana mpole kutoka Tanga, alitangaza kwamba kuna kikundi kimealikwa kutoka Lindi. Sikufikiria kitu. Ngoma zikapigwa, akatoka lipiko mwenye uso wa kibibi, ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, kilemba kimekaa upande, akisukuma baiskeli.

Watu walianza kucheka kabla mimi sijaelewa. Kibibi kile kilisimamisha baiskeli, kikatoa kamba, kikapima uwanja, kikalamba kidole kuona upepo, kikawafukuza watoto kwenye kivuli. Kikamgeuzia mgongo mzee mmoja huku kikichungulia kwa pembeni. Nilikuwa mimi, tena mimi hasa, na jinsi ninavyoshika kiuno nikikasirika. Halafu mabega yakaanza kucheka yenyewe.

Alikuja moja kwa moja mbele ya kiti changu. Akarudi hatua tatu nyuma kwa madaha, akaanguka chali, akalala kimya.

Ngoma zikanyamaza. Watu wa Newala walikuwepo, na nikaona wanawake wawili watatu wakinigeukia. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Jina lilikuwa limefika kwenye meno, jina ambalo mimi mwenyewe nililichagua, nikalimeza. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti kama mwanamke yeyote aliyekuja kutazama ngoma: "Jamani, mzimu wa watu umechoka! Upigieni ngoma uamke!"

Wanawake wakapiga vigelegele, ngoma zikalipuka, kibibi kikaruka juu kikaondoka na baiskeli yake mbio, kikipotea nyuma ya nyumba. Sikugeuka kuangalia kilikoelekea.

Asubuhi yake simu ililia. Haikuwa Ijumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia umeagwa jana. Shughuli ilikuwaje?"

"Nzuri. Kulikuwa na lipiko mmoja mgeni, kibibi cha hovyo kabisa, kinajifanya kinajua kupima uwanja."

"Hukumjua?"

"Nitamjuaje mzimu, Saidi?"

Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. "Basi bandika chai, mama. Niko hapa Mkuti, nauliza watu nyumba yako iko wapi."

Mwanangu alikuwa hapajui kwangu. Nilibandika chai, nikatoka nikasimama barabarani ili anione.