Kalamu za Ngozi na Mkono wa Mama

Mume wangu alikuwa fundi wa viti vya magari mjini Thika, na kalamu yake ya kwanza aliiokota chini ya kiti. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati magari yaliyotumika Japani yalipokuwa yakimiminika nchini. Watu waliyanunua, kisha wakampelekea avivike viti upya. Ndani yake alikuta vitu vya wenyewe wa zamani: kanda za muziki, sarafu zenye tundu katikati, na mara moja soksi ya mtoto mchanga. Siku hiyo aling'oa kiti cha dereva, akaona kitu kifupi kimelala kwenye reli ya kiti. Ilikuwa kalamu ya wino iliyovikwa ngozi ya mjusi, kuanzia kifuniko hadi mkiani.

"Kaa nayo," mwenye gari alimwambia. "Mimi natumia biro."

Aliileta nyumbani kwetu Ruiru, akaiweka mezani na kuitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Hebu nionyeshe mshono uko wapi," aliniambia.

Niliigeuza huku na huku. Sikuuona.

"Hata mimi sijauona! Nafunika kiti kizima na mshono wangu unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Huyu mtu amefunika kitu chembamba hivi, na huwezi kujua alianzia wapi."

Aliilowesha nibu kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Wino uliokuwa umekaukia ndani ukaanza kutoka polepole, wa buluu, na yeye akawaita watoto waje waone. Kesho yake kalamu ikaandika.

Tangu hapo akashikwa na huo ugonjwa. Vijana waliokuwa wakiosha magari kwenye yadi za Thika na Ruiru walimjua, na kila wakikuta kalamu walimwekea. Nyingi zilikuwa za plastiki tu, lakini akapata moja ya ngozi ya mamba, na nyingine ya nyoka iliyokuwa imeanza kubanduka, akaigandisha kwa gundi yake ya viti. Mjomba wangu alimwonya kwamba siku moja askari wa wanyamapori watakuja kumchukua pamoja na mkebe wake.

Iliyompendeza kuliko zote aliletewa na Mjapani aliyekuwa akifundisha chuo kimoja upande wa Juja, mteja wake wa viti vya gari. Mjapani huyo alimweleza kwamba kalamu zile zilitengenezwa yeye akiwa mtoto, na kwamba baba yake alikuwa na moja kwenye mfuko wa shati. Zilifanywa fupi makusudi ziingie mfukoni. Ukitaka kuandika unachomeka kifuniko mkiani, inakuwa ndefu ya kutosha mkono. Aliporudi kutoka likizo kwao alimletea moja ya ngozi ya mbuni. Ilikuwa na vipele vidogo vidogo pale manyoya yalipokuwa yameota. Mume wangu alizihifadhi zote kwenye mkebe wa biskuti aliouwekea mabaki ya mahameli ndani, na kila Jumapili baada ya kanisa alizitoa na kuzipangusa kwa kitambaa kikavu. Watoto waliruhusiwa kutazama tu. Mimi pia.

Kisha mama yangu akapatwa na kiharusi.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu, anaishi peke yake Witeithie. Tulimleta kwetu Ruiru. Maneno yalimrudia baada ya muda, lakini mkono wa kulia ulikaa mapajani kama wa mtu mwingine. Daktari wa mazoezi alisema tumpe vitu vya kushika, na kama anaweza, aandike. Nilimpa biro. Ikateleza. Nikaiokota, ikateleza tena, ikabingirika mpaka chini ya kabati. Mama akageuza uso ukutani.

"Iondoe," akasema. "Nimefundisha watoto wa watu kushika kalamu maisha yangu yote."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hapo ndipo alipozoea kusimama. Kwetu mkwe wa kiume humheshimu mama wa mkewe kwa kukaa mbali naye. Hamgusi, na wengine hata hawali mbele yake. Mume wangu alilelewa hivyo. Tangu mama aingie nyumbani mwetu alikuwa akimsalimia kutoka kizingitini na kula chakula chake jikoni, akiwa ameketi juu ya jerikeni.

Jioni ile alirudi mlangoni akiwa na mkebe wa biskuti. Alinikabidhi mimi.

"Mwambie mama achague," akasema.

"Mwambie nimesikia," mama akajibu.

Nilimwekea kalamu zote juu ya shuka. Ya mamba ilikuwa nzito kwake. Ya mjusi ilikaa kidogo, ikaanza kuteremka. Nikamwekea ya mbuni katikati ya vidole, nikaachia. Haikuanguka. Vile vipele vilimshika. Mama aliiinua kidogo, akaishusha, akaiinua tena.

"Hii hainikimbii," akasema.

Nilimtazama mume wangu.

"Mwambie ni yake," akasema, akaenda kujaza wino.

Mama alianza kwa mistari, halafu miviringo mikubwa iliyojaa karatasi nzima. Tatizo lilikuwa kidole gumba; kila mara kiliteleza kikalala juu ya nibu. Nilimshika mkono nimwongoze, lakini kwa hofu nilimbana.

"Unaniumiza," aliniambia alasiri moja. "Mwite yeye. Ndiye aliyezoea kushika sindano."

Nilikwenda jikoni. "Mama anakuita."

Aliacha kula. Alinawa mikono, akanawa tena, akaja akasimama pale pale kizingitini.

"Mama, nitakukosea heshima."

"Heshima umenipa tangu ulipomchukua mtoto wangu," mama akasema. "Imetosha. Sasa nataka kuandika."

Alivuka mlango. Alipiga magoti kando ya kitanda, akakichukua kile kidole gumba kwa vidole viwili na kukiweka mahali pake, kwa uangalifu ule ule aliotumia kuvuta ngozi kwenye kona ya kiti. Waliandika *a*. Ilitoka imepinda, mkia umekwenda zake. Wakaandika *e*.

"Muthoni," mama alimwambia, neno letu la kumwita mkwe, "mwandiko wako ni mbaya sana."

"Huo ni wako, mama."

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumlete. Nilitoka nje nikasimama karibu na kamba ya nguo mpaka macho yakauke.

Mkono haukupona wote. Mpaka mwisho mistari yake iliteremka kuelekea pembe ya karatasi, na alichoka upesi. Lakini mume wangu alikuwa ameshapata la kufanya. Alileta vipande vya ngozi kutoka karakana, akavika mpini wa kijiko, sikio la kikombe na kichwa cha bakora, akivichomachoma kwa msumari butu ili ngozi iwe na vinundu. Alivirekebisha kila jioni, akimuuliza mama kama ni vinene au vyembamba, naye mama akimjibu bila huruma.

Jumamosi moja nilipika mukimo na mchuzi wa kuku. Nilimpakulia mama chumbani kama kawaida, lakini nilipoingia kitanda kilikuwa kitupu. Alikuwa amejikongoja mpaka mezani, ameketi, kijiko mkononi. Mume wangu alikuja kuchukua sahani yake, akamwona, akageuka kuelekea jikoni.

"Unaenda wapi?" mama akamuuliza.

Alirudi na sahani yake. Alivuta kiti kilichokuwa mkabala na mama, akaketi, akainamisha kichwa kwa muda kana kwamba anaomba. Kisha sote tukaanza kula.