Nambari Aliyoipenda Baba

Baba yangu alisomesha hesabu maisha yake yote, na alikuwa na nambari moja aliyoishabikia kama wenzake wanavyoshabikia mpira: laki moja na arubaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba. Iandike, 142857. Izidishe kwa mbili, unapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zile zile sita, zinafuatana vile vile, ila zimeanzia pengine. Na hivyo hivyo mpaka kwa sita. Baba akiwa barazani, mpita njia akisimama kuamkia tu ameshanaswa, atazidishiwa mpaka kahawa ipoe. Sisi wanawe tulikuwa tunaona haya, jamani.

Mwaka jana akaanza kupotea. Msikiti uko mtaa wa pili, lakini siku moja alikutwa Forodhani, ana kiatu mguu mmoja, anauliza njia ya nyumbani. Kaka yangu akasema nyumba ya Mji Mkongwe tuifunge, mzee ahamie kwake Fumba, nje ya mji. Wallahi nilipandwa na hasira. Nikamwambia mtu mzima kusahau si ugonjwa, na kwamba yeye mwenyewe husahau kwao mpaka Idi ifike. Baba bila ya baraza yake, huko Fumba atazungumza na nani? Atakufa kwa upweke tu.

Kaka akasema haya, nionyeshe kama akili ipo. Basi Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, tukakaa barazani sote watatu, nikamwuliza baba nambari yake kwa nne. Akajibu hapo hapo, 571428. Kwa tano, 714285. Kwa sita, 857142. Hakukosea hata tarakimu moja. Nikamtupia kaka jicho la haya sema sasa.

Kwa saba mchezo unavunjika. Tarakimu zote zinatoweka, zinabaki tisa tupu, 999999, na hapo baba hupenda kunyamaza kidogo kabla ya kuitaja. Akanyamaza, akaitaja, akacheka. Kaka naye akacheka, akakubali kuwa mzee yupo na abaki na baraza yake. Nilitaka kulia kwa furaha.

Ndipo baba akanigeukia, kwa upole ule ule wanaotumia wazee kwa kijana yeyote anayepita mtaani.

"Hodari wewe. Mtoto wa nani?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama machoni, hatanii. Nikamtajia jina lake, lake mwenyewe, pamoja na la babu.

"Aa, namjua huyo," akasema. "Mwalimu. Mzima?"

Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, hakunirudishia lile jicho, na namshukuru kwa hilo.

"Mzima," nikamjibu, kisha nikaingia ndani kumkunjia nguo zake za kwenda Fumba.