Mfuko Mweusi wa Jocelyne

Jocelyne ni msusi. Ana kiti cha plastiki na mwavuli, kando ya Joubert Park, mbele ya jengo letu. Mimi nashona viatu pale pale, karibu naye. Yeye ni mtu wa Uvira, mimi wa Bukavu. Hapa Joburg huo ni ujirani.

Wasusi wengine nywele zinazoanguka wanaziachia upepo. Yeye hapana. Akimaliza kichwa anainama, anaokota, anafunga kwenye karatasi, anatia mkobani. Hata za Mzulu. Hata za mtoto. Watu wa kwetu wanajua nywele za mtu zinaweza kufanyiwa nini. Kwa hiyo wanamsema.

Mke wangu Célestine hakumsema. Alisukwa na Jocelyne mpaka kichwa kikawa cheupe. Nilimuuliza, "Unamwachia nywele zako?"

"Acha, Théo. Shona viatu."

Célestine alikufa mwezi wa nane, kwa mapafu. Siku ya kumzika wanawake walijifungia naye. Wakamwosha, wakamsuka, wakamvisha. Mimi nilikaa nje. Jocelyne alitoka wa mwisho, na mfuko mweusi wa plastiki kwapani. Aliponiona, akauhamishia upande wa pili.

Baadaye nilifungua sanduku la nguo. Kitenge cha Célestine cha sikukuu, cha bluu chenye ndege wa njano, kilikuwa hakina pembe moja. Hakikuchanika. Kilikatwa na mkasi, kipande cha ukubwa wa viganja viwili.

Nywele za miaka yote anazo Jocelyne. Nguo imekatwa. Nikayaweka moyoni.

Kumuuliza sikuweza. Kumuuliza mwanamke wa kwetu amepeleka wapi nywele za maiti ni kumwita mchawi. Kwa neno hilo watu wametolewa kwenye majengo, magodoro yakatupwa barabarani. Jocelyne ana binti. Nikanyamaza. Nikawa namwangalia.

Lakini jambo moja nilikataa. Kwetu mwanaume aliyefiwa na mke hanyoi nywele wala ndevu mpaka siku ya kutoa matanga, msiba unapofungwa. Kanisani waliniuliza, lini? Nikasema bado. Nitafungaje msiba, sijui kama mke wangu amelala na nywele zake au ziko kwenye mkoba wa mtu? Nikaota nywele kama kichaka. Vijana wa taksi wakaanza kuniita Rasta.

Mwezi wa nne, majani ya miti yanapoanguka barabarani na asubuhi zinaanza kuuma, chuo kimoja upande wa Braamfontein kilikuwa na sikukuu ya utamaduni. Ngoma, vyakula, nguo, kila nchi na hema lake. Aliyeniletea habari ni Ezéchiel, mlinzi wa jengo letu. Mdomo wake haujui kupumzika.

"Eish, Papa Théo, umesikia? Jocelyne wako anakwenda chuoni."

"Si wangu."

"Jumamosi. Atasuka mbele ya watu. Na wanasema ataweka mezani nywele, misuko ya zamani, watu waitazame."

"Nywele za nani?"

"Mimi nitajuaje? Za wateja, labda." Akacheka.

Mimi sikucheka.

Jumamosi nilivaa koti nililomzikia Célestine, nikavuka daraja la reli kwa miguu. Kisu changu kidogo cha kukatia ngozi kilikuwa mfukoni, kama siku zote.

Majani makavu yalikuwa yametapakaa uwanja mzima wa chuo. Vijana wa Kongo walikuwa wanacheza. Wakenya walikuwa wanachoma nyama. Hema la Jocelyne lilikuwa mwisho. Alikuwa amemkalisha msichana mmoja, anamsuka, wengine wanamzunguka. Pembeni kulikuwa na ubao, na misuko imebandikwa juu yake. Nikapita mmoja mmoja. Mweusi. Mweusi. Mwekundu.

Wa mwisho ulikuwa mweupe wenye majivu ndani yake. Mistari inapanda kutoka masikioni mpaka utosini. Hivyo ndivyo Célestine alivyosukwa.

Nikasimama pale mpaka ngoma zikapanda na watu wakageuka kutazama. Nikatoa kisu, nikakata ncha.

Sisi wote tunaokaa karibu na wasusi tunajua. Meshi, zile nywele za dukani, zikipata moto zinayeyuka na kuwa kitone kigumu. Nywele ya mtu inaungua yote, na harufu yake huwezi kukosea. Nikaenda kwenye jiko la Wakenya, nikaishika ile ncha juu ya makaa.

Mwanamke akanishika mkono. "Mzee, pole. Unachoma nini juu ya nyama ya watu?"

Alikuwa Kawira, mwalimu wa pale chuoni, Mkenya. Ndiye aliyemwalika Jocelyne.

"Natazama."

"Unatazama nini?"

Nikafungua kiganja. Kitone cheusi, kigumu. Plastiki.

"Umekata hiyo kwa ubao wetu?"

"Kidogo."

Akanipeleka kwa Jocelyne kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Papa Théo," Jocelyne akasema, mikono haijaacha kusuka. "Uko nachoma meshi yangu? Nimeinunua Fordsburg. Ungeniomba, ningekupa pakiti nzima."

Wasichana wakacheka.

"Za Célestine ziko wapi?" nikauliza.

Mikono yake ikasimama kwenye kichwa cha yule msichana.

"Siku ile ulitoka na mfuko," nikasema. "Na kitenge kimekatwa."

"Miezi yote hii," akasema. "Uko naketi pale na sindano yako, unanitazama, nikidhani ni huzuni. Kumbe ni hayo."

"Ni hayo."

"Ngoja nimalize kichwa cha mtu."

Akamaliza. Sikuondoka. Akaja karibu, akashusha sauti.

"Ya ndani ya chumba cha maiti, mfiwa haambiwi kabla ya matanga kutoka. Unajua."

"Najua. Na mimi sitoi matanga kabla sijaambiwa."

"Basi tutazeeka hivi."

"Mimi nimekwisha kuzeeka."

Akatazama nywele zangu, akatazama ndevu. Akavuta kiti.

"Kaa."

"Hapa?"

"Nyumbani hutaki, kanisani hutaki. Kaa. Nikishakunyoa matanga yametoka, na mimi nitasema."

"Matanga yanataka watu na chakula."

"Watu ni hawa. Na nyama ni ile uliyoitia moshi wa plastiki."

Nikakaa. Akanifunika shuka. Wanafunzi wakasogea na simu zao, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Kawira akamuuliza kitu Jocelyne, akajibiwa kwa sauti ndogo. Akasimama mbele ya wanafunzi, akawaambia waweke simu mifukoni. Wakaziweka. Akaleta sahani ya nyama, akakaa nasi.

Jocelyne akaanza nyuma, shingoni. Alizungumza karibu na sikio langu.

"Mfuko ulikuwa na sabuni, na taulo zenye maji ya kumwoshea. Ulitaka nikuonyeshe hizo?"

Akanishika kichwa, akakiinamisha.

"Nywele zake alinipa nimtunzie. Zote nilizookota, miaka yote. Alisema hataki ziishie kwenye mapipa ya Joburg. Akienda, ziende naye. Kwa hiyo tulikata pembe ya kitenge, tukashona, tukazitia ndani. Ikatoka kama mto mdogo. Uko chini ya kichwa chake, Papa. Amelalia nywele zake mwenyewe."

Wembe ukapita juu ya sikio.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema utaogopa. Alisema, Théo anaona uchawi hata kwenye kijiko."

Zamani jirani aliazima kijiko kwetu, akakirudisha, nikakataa kulia nacho. Nikakifukia. Célestine alinicheka mpaka machozi, akaniahidi hatamwambia mtu. Hilo Jocelyne asingeweza kulitunga. Na kumbe alimwambia mtu.

"Na za wengine?" nikauliza. "Za wateja?"

"Nazichoma kwenye kopo, nyumbani. Mama yangu alinifunza hivyo. Sipendi kuona nywele za mtu zinakanyagwa. Usitikise kichwa, nitakukata."

Alipomaliza, baridi ilinishika kichwani. Nywele zangu zilikuwa zimejaa juu ya shuka, nyeupe, nyingi kuliko nilivyodhani. Akazikusanya zote kwenye karatasi.

"Nizichome?"

Nikaigusa ile karatasi.

"Tunza," nikasema.

Akafunga kwa uzi. Nikanyoosha mkono, nikalivuta lile fundo nione kama limekaza.

"Papa Théo. Hata sasa?"

"Limekaza," nikasema.

Tukala nyama. Ilikuwa na harufu ya plastiki kweli.

Jioni nilikitoa kitenge sandukuni. Kilikuwa kimebaki na pembe tatu. Nikakata moja, ya ukubwa wa viganja viwili, na Jumatatu nikampelekea Jocelyne kabla sijafungua kazi. Akaikunja, akaitia mkobani.

Sikumuuliza ataiweka wapi.